Maswali yenu kuhusu namba za matoleo ya programu: 1.10 inatangulia au inafuata 1.9?

*Programu yetu ipo 1.9. Nikisema inayofuata ni 1.10, bosi anadai tumerudi nyuma.*

Mwambie bosi asome "moja nukta kumi". Nukta hii si ya desimali. Fikiria sura na aya, ambapo aya ya 10 huja baada ya ya 9. Hata kompyuta huteleza hapa: ukipanga mafaili kwa alfabeti, 1.10 hukaa kabla ya 1.9. Na ukiandika toleo la lugha ya Python, 3.10, kwenye faili la mipangilio la YAML bila alama za kunukuu, itasomwa 3.1.

*Namba ya kwanza hupanda lini?*

Kwa SemVer, utaratibu wa kutoa namba tatu kama 2.3.1, unapovunja kitu ambacho wengine wanakitegemea. Ukiongeza jambo bila kuvunja, pandisha ya kati. Ukirekebisha kasoro tu, ya mwisho. Kubadili rangi za skrini hakuifanyi 2.0.0, hata kama watu wa masoko wameshaagiza keki.

*Je, tukitumia tarehe kama namba ya toleo?*

Inafaa. Mfumo wa kompyuta wa Ubuntu 24.04 ni wa Aprili 2024, kila mtu anaelewa. Ila kama wenzako wanajenga juu ya msimbo wako, tarehe haiwaambii kama wakisasisha mambo yataharibika.

*Tulitoa 2.3.1, tukaona kosa dogo, tukapakia upya kwa namba ileile. Sasa wateja wengine wanalalamika, wengine hawana shida.*

Mmejiroga wenyewe. Zipo 2.3.1 mbili mitaani, na mteja akipiga simu hamjui anayo ipi. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta kosa ambalo kwenye mashine yangu halikuwepo, kisa hichohicho. Toeni 2.3.2 leo, namba hazilipiwi. Kisha namba iwekwe na mtambo unaounda programu, kutoka kwenye tagi (alama ya toleo) ya Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, isiandikwe kwa mkono usiku wa manane.

*Nimetoka 1.4 kwenda 1.5 lakini Play Store inakataa faili langu.*

Android ina namba mbili. versionName ni ya kusomwa na watu. Duka linaangalia versionCode, namba kamili ambayo lazima izidi ile uliyopakia mara ya mwisho. Wengi huijaza kwa mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, mfano 2506011430. Kikomo cha Play ni 2100000000, kwa hiyo hiyo nayo itakataliwa. Programu mpya ianze na 1; yako iongezee moja kila unapopakia.