Maswali ya Wasomaji: Kisigino Kisichogusa Chini

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka 6. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na tuliambiwa ana mtindio wa ubongo uliomkaza miguu yote miwili. Anatembea mwenyewe, lakini kwa ncha za vidole na magoti yakiwa yamekunjika kidogo. Viatu vyake vya shule hutoboka mbele huku kisigino kikibaki kipya. Daktari mmoja amependekeza kano za visigino zirefushwe kwa upasuaji. Shemeji yangu aliye ng'ambo anasema kwamba huko mtoto hupimwa kwanza kwa kamera. Je, nikubali au ningoje?
Mama msomaji, Nakuru

JIBU: Mama, shemeji yako ana hoja, ingawa haina maana kwamba daktari wako amekosea. Neno lililonishtua katika barua yako si kisigino bali ni magoti. Mtoto ambaye goti lake halinyooki huweza kusimama kwa ncha za vidole hata kama kano ya kisigino ina urefu wa kutosha, kwa sababu muundi ukishalala mbele, kisigino hakina budi kuinuka. Tena misuli ya shavu la mguu ndiyo inayouzuia muundi huo usianguke mbele kila anapokanyaga. Ukiirefusha kupita kiasi kwa mtoto aliyekazwa miguu yote miwili, kisigino kitashuka, lakini baada ya muda magoti yatazidi kukunjika, na mwendo huo wa kuchutama humchosha mtoto kuliko ule wa vidole, nao ni mgumu zaidi kuurekebisha.

Zamani watoto hawa walipasuliwa kisigino mwaka huu, paja mwaka ujao na nyonga mwaka unaofuata, hata Mercer Rang, daktari wa mifupa ya watoto wa Toronto, akauita mtindo huo ugonjwa wa sikukuu ya kuzaliwa, maana mtoto alikuwa akiiadhimisha wodini kila mwaka. Maabara za mwendo zilisaidia kuuvunja mtindo huo. Mtoto hubandikwa vidude vidogo vinavyong'aa kwenye nyonga, magoti na vifundo, kisha hutembea katikati ya kamera nyingi juu ya sakafu inayopima nguvu ya kila hatua, na madaktari huona pembe ya kila kiungo kwa wakati mmoja, wakapanga marekebisho yote yafanywe kwa upasuaji mmoja. Vipimo hivyo mara nyingi hubadilisha mpango uliokuwepo. Hata hivyo, mashine haiamui: madaktari wawili wakipewa michoro ileile huweza kutofautiana.

Usikate tamaa kwa kukosa maabara ya namna hiyo karibu. Tangu mwaka 2003 ipo njia iliyobuniwa Edinburgh ya kutathmini mwendo kwa video ya kawaida, ikiangalia mambo 17 katika kila mguu. Mvalishe kaptura, mwache atembee pekupeku mahali tambarare, na umrekodi kwa simu kutoka mbele, nyuma na pande zote mbili, ukiishika simu usawa wa magoti yake badala ya kumwangalia kutoka juu. Ipeleke kwa daktari wa mifupa ya watoto pamoja na vile viatu. Kisha tazama anavyompima: anapaswa kukikunja kifundo ili wayo uelekee juu, goti likiwa limenyooka, halafu likiwa limekunjwa. Kifundo kikilegea goti linapokunjwa, tatizo liko zaidi katika msuli wa juu wa shavu, wala si katika kano nzima, na upasuaji wake ni tofauti.

Kwa hiyo ningoje ndilo jibu langu, lakini si kungoja bure. Kano iliyorefushwa mapema huweza kukaza tena mtoto anaporefuka, na katika kipindi hiki plasta za kunyoosha, kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo na mazoezi ya fiziotherapia vina kazi yake.

SWALI: Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu anatembea miguu ikiwa mbalimbali, mikono juu, na magoti yake yamepinda nje kama upinde. Majirani wanasema tumfunge miguu kwa kitambaa. Ni sawa?
Nyanya, Kisumu

JIBU: Hapana, Nyanya, msimfunge. Huo ni mwendo wa umri wake. Mwaka 1980 David Sutherland na wenzake wa San Diego walichapisha vipimo vya watoto 186 wasio na ugonjwa, wenye umri wa mwaka 1 hadi 7, na wakaona kwamba mwendo huanza kufanana na wa mtu mzima karibu na miaka 3. Magoti ya mtoto kwa kawaida hupinda nje hadi karibu miaka 2, yakageuka kugongana karibu na miaka 3 au 4, kisha yakanyooka yenyewe. Mpeleke hospitali ikiwa mguu mmoja umepinda kuliko mwenzake, ikiwa upinde unaongezeka baada ya miaka 2, au ikiwa vifundo vya mikono yake vimevimba, maana hapo huenda ikawa ni matege ya upungufu wa vitamini D, na hayo yana dawa.