Kisima sawa, ila maji ya kwenye kikombe cha mtoto mmeyapima?

Mkuu simama hapo hapo, usisaini kitu. Unasema kamati yenu imepata hela ya kisima kirefu, unauliza mchukue pampu gani, vyoo vikae mbali kiasi gani, na kama ni kweli watoto wataacha kuharisha. Hilo la mwisho limenichoma kweli, maana na mimi nilikuwa kwenye kamati ya maji, tukauliza hivyo hivyo, tukajibiwa "wataacha", basi hela yote tukaizika ardhini.

Aliyetujibu ni mtaalamu kabisa, kashika karatasi ya maabara, sampuli ya kisimani safi haina mdudu. Nikamuuliza dawa ya maji je, tusitenge fungu? Akasema maji ya chini kabisa hayana haja ya klorini, mtaharibu ladha bure watu wayakimbie. Mpaka leo nikikumbuka alivyolisema lile neno kwa kujiamini nafura, kwasababu alijua kabisa hatuna wa kumbishia. Hatukutenga chochote, si cha dawa si cha vyombo.

Haikupita miezi minne binti yangu, mwaka na miezi miwili, akaharisha siku mbili mfululizo, macho yakaingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi taratiiibu, tukakimbia naye usiku akatundikiwa dripu. Na maji aliyokuwa anakunywa ni ya kisima hicho hicho! Nesi wala hakuuliza habari za kisima, aliuliza tu "nyumbani mnachotea nini?"

Nikarudi nikapitisha kidole ndani ya shingo ya dumu, utelezi mtupu. Nikakaa nikaangalia ndoo ya kunywa: haina mfuniko, kaka yake katoka chooni, kachukua kikombe kazamisha, vidole vyote vinne ndani ya maji. Tukatafuta vile vichupa vya kupimia vinavyogeuka vyeusi maji yakiwa na dalili ya kinyesi, kimoja tukajaza pale pale kwenye pampu, kingine kwenye ndoo yangu. Kesho yake cha pampu kiko vilevile, cha ndoo yangu cheusi kama masizi.

Yaani maji yametoka chini masafi, yakachafukia njiani, kwenye ndoo, kwenye dumu, kwenye mkono, na hayakuwa na kitu ndani cha kupambana na huo uchafu. Klorini kazi yake ndo hiyo mkuu, ikibaki hata kidogo, 0.2 mpaka 0.5 mg kwa lita, inaendelea kuyalinda yakiwa yamekaa nyumbani. Fuata dozi iliyoandikwa, subiri nusu saa ndo watu wanywe, na yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa kisafi maana tope linaila dawa. Chombo kiwe na mfuniko na kibomba chini, mkono usipate pa kuingilia.

Kwahiyo sheria yangu ni hii moja tu na sitaibadilisha: pima maji kwenye kikombe anachonywea mtoto, usipime kisimani ukapiga makofi. Mkandarasi akikuletea karatasi ya kisimani mwambie sawa, sasa twende nyumba kumi tukapime na huko, tena baada ya wiki kadhaa watu wakishazoea. Akianza kuzungusha maneno ujue anauza shimo.

Choo angalau mita 30 na kisima, kisiwe upande wa juu wa mteremko. Na wamama waambiwe mtoto akianza tu kuharisha ni ORS (ile dawa ya paketi ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) hapo hapo, wasingoje macho yaingie kama nilivyongoja mimi, pamoja na zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata.

Kabla hatujaendelea na mengine, hebu nenda nyumbani kwako leo jioni, chungulia ndani ya dumu la maji ya kunywa, kisha uje uniambie umekuta nini.