Kabla hujachagua ufukwe, uliza mwezi uko siku ya ngapi

Mkuu, umesema una siku tano, wewe na mkeo, kuanzia Ijumaa tarehe 7 Agosti 2026 hadi Jumanne tarehe 11. Mnavuka kutoka Dar, hamtaki disko wala pilikapilika, mnataka kulala, kuogelea na kula samaki. Ukauliza mwende Nungwi, Paje, Pemba au Mafia, maana kwenye picha fukwe zote zinafanana. Waliotangulia wamekutajia hoteli. Mimi naomba nianze na jambo ambalo picha haioneshi kamwe: maji ya bahari yetu yanajaa na kupwa, na hilo ndilo litakaloamua kama mtapumzika au mtakaa kibarazani mkisubiri.

Nalisema kwa uchungu kidogo. Mwaka 2014 nilimpeleka mama yangu Unguja. Alikuwa amestaafu ualimu Morogoro, na katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuingia baharini. Nilidunduliza miezi minane. Nikachagua hoteli moja pwani ya mashariki kwa sababu ya picha: maji ya kijani yamefika hadi kwenye ngazi za baraza. Tukafika saa nne asubuhi, mama ameshabadilisha nguo, ana kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Bahari haipo. Ni mchanga, vidimbwi, na mstari mweupe wa mawimbi kule mbali kwenye mwamba. Nilimuuliza mtu wa mapokezi, akaniambia tu, "Maji yatarudi." Saa ngapi? Hakusema. Kwenye mawasiliano yetu yote kabla ya safari hakuna aliyenidokeza.

Mama ndiye aliyeokoa siku. Alivua viatu akaanza kutembea kuelekea kwenye kina mama waliokuwa wakivuna mwani. Wanaupanda kwenye kamba zilizofungwa kati ya vijiti, na maji yakipwa wanashuka kuvuna. Bibi mmoja akasimama kuzungumza naye. Akamwambia, "Leo mwezi umeandama, mwanangu, hili bamvu. Rudini alasiri, mtayakuta mlangoni." Na kweli, saa kumi jioni maji yalikuwa yanapiga kwenye shina la mnazi. Mama aliingia hadi kifuani, nimemshika mkono. Ile picha ya hoteli haikuwa ya uongo, ilikuwa ya saa kumi.

Bibi yule alinifundisha somo ambalo nimekuwa nikilitumia kila safari tangu hapo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban kila saa sita na dakika chache yanageuka, na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, kuna bamvu: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inafika karibu mita nne. Katikati yake, tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23, ni maji mafu: hayajai sana, lakini pia hayaendi mbali.

Sasa shika hili la muhimu zaidi. Hapa kwetu bamvu ina saa zake. Siku za bamvu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake saa ambazo mgeni ameshakunywa chai na anataka kuogelea, maji yamekwenda. Siku za maji mafu mambo yanageuka: yanajaa kuanzia saa nne au tano asubuhi. Kwa hiyo ufukwe uleule, hoteli ileile, chumba kilekile, wiki moja ni pepo na wiki inayofuata unaangalia mchanga tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Wavuvi na kina mama wa mwani wanajua kwa kuangalia mwezi tu. Sisi wa bara tutumie kalenda ya Kiislamu ukutani.

Tukirudi kwenye tarehe zako. Mwezi unakutana na jua tarehe 12 Agosti 2026, siku hiyohiyo ambayo jua litapatwa kule Hispania na Iceland. Kwa hiyo mnapoanza safari Ijumaa, mwezi utakuwa siku ya 22 au 23. Maji mafu! Ijumaa yatajaa karibu na adhuhuri, Jumamosi ya Nane Nane kama saa saba mchana, Jumapili saa nane hivi, Jumatatu karibu saa tisa, Jumanne saa tisa na nusu au zaidi. Ni makadirio yangu, yanaweza kupishana kwa nusu saa hivi, lakini mpangilio ndio huo. Umepata wikiendi ambayo pwani ya mashariki inamfaa mtu anayetaka kuogelea mchana. Ungeniambia tarehe 13 hadi 17, ningekujibu kinyume kabisa, ningekupeleka Kendwa bila kujadili.

Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ndiko ambako maji hayakimbii. Kule hakuna ule uwanda mpana wa mwamba ulio mashariki, ufukwe unashuka upesi kwenye kina, kwa hiyo hata bamvu ikipwa bado una pa kuogelea. Jua linazama baharini mbele yako, na Agosti panakingwa na upepo. Nungwi kuna mafundi wanaounda majahazi ufukweni kwa mikono, na mimi nimeshakaa nao asubuhi nzima bila kuchoka. Lakini kwa kuwa uzuri huo unajulikana na kila mtu, Agosti ni msimu wa wageni kutoka Ulaya na bei zinapanda. Muziki usiku upo, wauza safari za boti watakufuata ufukweni, na mwezi mpevu Kendwa kuna sherehe hadi alfajiri. Umesema hamtaki pilikapilika. Kwa siku tano zako, kule kungewachosha.

Paje nayo iondoe, kwa sababu ya upepo. Agosti ni kusi, inapiga kutoka kusini-mashariki kwenye ufukwe ule, na ndiyo inayowaleta watu wa ule mchezo wa kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Maji yakijaa, wanatapakaa baharini kote. Inapendeza kuwatazama, ila kuogelea kwa utulivu katikati ya kamba zao hapana.

Chaguo langu kwenu ni Jambiani. Teremka kusini ya Paje kilomita chache tu, ufukwe ni uleule mweupe mrefu, ila ni kijiji. Watoto wanatoka madrasa, ngalawa zimelala mchangani, nyumba za wageni ndogondogo zimechanganyika na nyumba za watu. Upepo upo, sikufichi, lakini ule mwamba wa mbali unavunja mawimbi, kwa hiyo maji mnayoogelea ni kama dimbwi kubwa lenye mikunjo midogo. Agosti maji yana ubaridi kidogo ukilinganisha na Februari, na usiku mtataka shuka zito. Kwa watu wanaotoka kwenye joto la Dar wakitaka usingizi, hiyo ni neema. Ukiagiza pweza wa nazi, agiza asubuhi ili wakutafutie pweza wa siku hiyo na wampike kwa nafasi. Msiweke haraka.

Kama mkeo hapendi upepo kabisa, iko Michamvi Kae. Ni ncha ya rasi, kaskazini ya Bwejuu, lakini ufukwe wake umegeukia magharibi, kwenye ghuba ya Chwaka. Kusi inabaki mgongoni. Ni mahali pachache upande huo wa kisiwa ambapo mnaona jua likizama majini, na kandokando kuna mikoko. Maji hupwa huko pia, ila kwa tarehe zenu halitakuwa tatizo kubwa. Kasoro yake ni kwamba hakuna kijiji kikubwa cha kutembea jioni kama Jambiani. Mtakula palepale mnapolala au jirani.

Pemba naipenda mno, na ndiyo maana sitaki uiendee kwa siku tano za kubana. Vumawimbi, baada ya kupita msitu wa Ngezi, ni ufukwe ambao niliutembea karibu saa nzima nikakutana na wavuvi wawili tu. Kisiwa kina vilima, mikarafuu, na ukikuta watu wamezianika karafuu barabarani, gari zima linanukia. Lakini ukiteremka bandarini Mkoani uko kusini kabisa, na Vumawimbi ni kaskazini kabisa, kwa hiyo unavuka kisiwa kizima. Meli ni chache kuliko za Unguja, na mkondo ule wakati wa kusi unatikisa hasa. Mtapoteza siku mbili njiani. Nenda ukiwa na siku nane au tisa, ukapite na kisiwa cha Misali, ukaone matumbawe ambayo hujawahi kuyaona.

Mafia, wengi wanaikosea wakitafuta ufukwe wa kulala juani. Mafia uzuri wake uko chini ya maji. Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995, na watu wanakwenda kwa ajili ya matumbawe na potwe, yule papa mkubwa mpole, anayeonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Niliogelea karibu naye mwezi wa Januari, na hadi leo nikifumba macho naona yale madoa meupe mgongoni. Agosti si wakati wake. Weka akiba, mwende Januari, kwa ndege ndogo kutoka Dar au kwa kivuko cha Nyamisati, na mpite Chole mkaone magofu na popo wakubwa.

Mambo machache ya njiani. Boti ya Dar hadi Unguja ni kama saa mbili. Kwenda mara nyingi ni shwari, kurudi wakati wa kusi mnapigwa na wimbi kwa mbele, kwa hiyo kaeni nyuma, ghorofa ya chini, na msile chakula kizito kabla. Msisahau vitambulisho. Kutoka mjini hadi Jambiani daladala namba 309 inachukua kama saa mbili na ni nafuu sana. Teksi ni kama saa moja, na bei mkubaliane kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Mkiwa mnaulizia chumba, semeni mapema kuwa ni Watanzania na muulize bei ya Mtanzania. Hoteli nyingi wanayo lakini hawaiandiki, na tofauti inaweza kulipia chakula chenu chote. Na ulizeni swali moja ambalo mimi sikuuliza 2014: "Maji yakipwa saa tano asubuhi, mbele ya hoteli yenu naogelea wapi?" Anayekujibu kwa kukuelekeza, huyo anajua bahari yake na anakuheshimu.

Chukueni yeboyebo au viatu vingine vya plastiki vya kuvaa majini, jozi moja kila mtu. Kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, ukikanyaga mmoja likizo imeharibika. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mkipita kijijini mkeo ajifunge kanga na wewe uvae shati. Hakuna atakayewagombeza, ila watu wa Jambiani wataongea nanyi kwa namna nyingine kabisa mkiingia kwao kwa adabu na kuanza na salamu. Kwenye mashamba ya mwani msikanyage kamba, na msipige picha kabla ya kuomba. Ile ni kazi ya mtu, kama vile mtu anavyolima mchicha Kigamboni.

Siku ya kuondoka, Jumanne, bamvu itakuwa imeanza kukaribia. Amkeni mapema. Karibu saa tatu asubuhi maji yatakuwa yamekwenda mbali, na hapo ndipo mtembee hadi karibu na mwamba, polepole, mkitazama chini: kaa, nyota za bahari, samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Mtakutana na kina mama wanarudi na magunia ya mwani kichwani. Wasalimieni, wape nafasi wapite. Geukeni mara tu mkiona maji yanaanza kurudi, maana yakianza hayasubiri mtu. Saa sita muwe mmeshatoka Jambiani, boti ya alasiri haitawangoja.