Kabla hujamteka mtu wako, mpe watu wa kumtafuta

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Pangani. "Shikamoo dada. Nimeandika riwaya ya watu wanaotekwa na viumbe wa sayari nyingine, sura 14. Nimepeleka kwa wachapishaji wawili, hakuna aliyenijibu. Niache?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Wewe hukujibiwa, mimi nilijibiwa, na lile jibu nimekaa nalo kifuani miaka minne.

Mswada wangu wa kwanza niliupeleka Dar mwenyewe. Kurasa 212, nimezichapa usiku kwa usiku kwenye kibanda changu cha steshenari Ngamiani, wateja wakishaondoka. Mhariri akafunua kurasa tatu mbele ya wenzake, akasema, "Dada, andika mapenzi. Mswahili hasomi mambo ya visahani vya angani." Wakacheka. Nikapanda basi kurudi Tanga, mfuko mapajani, na tulipofika Muheza hata machungwa sikununua.

Mhariri yule alikosea. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, hapahapa kwetu, alitoa Kusadikika mwaka 1951: nchi iliyo angani, inayotuma wajumbe kwenda kutazama ulimwengu mwingine, na wakirudi na habari wanatiwa gerezani. Mtu kaondoka, kaona, karudi, haaminiwi. Mswahili ameyasoma hayo shuleni miaka na miaka.

Ila mswada wangu ulikuwa na kasoro kweli, na si ile aliyoisema yeye. Shujaa wangu aliitwa Jack. Alitekwa jangwani New Mexico, Marekani, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za Roswell, mji wa huko wenye uvumi wa chombo cha angani kilichoanguka, mpaka nikazihifadhi. Mimi jangwa sijapata kuliona. Jioni moja nikamsomea mama sura tatu, yeye anachambua mchicha. Aliposikia Jack kanyanyuliwa na mwanga, akauliza, "Na mama yake je? Anajua mwanawe kapotea?" Nilikosa la kusema. Katika kurasa 212 hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemtafuta Jack.

Nikarudi kusoma upya kisa cha Betty na Barney Hill, mke na mume wa New Hampshire, Marekani, waliosema walichukuliwa usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 1961. Mwanzo nilikuwa nakimbilia viumbe na chombo chao. Safari hii nikaona mengine. Walikuwa wanarudi nyumbani kutoka matembezini, na mbwa wao garini. Walifika wamechelewa kama saa mbili wasizoweza kuzieleza. Gauni la Betty limechanika, viatu vya Barney vimechubuka mbele. Unaweza kukataa kila kitu katika kisa kile, lakini viatu vile havikutoki kichwani.

Jack nikamfuta. Nikamwandika Mbwana, fundi baiskeli wa Ngamiani, anayekwenda kuvua dagaa usiku wa giza ili aongeze kipato. Wavuvi wamewasha karabai, yeye anazihesabu, anakuta taa moja imezidi, na maji chini yake hayachezi. Anarudi alfajiri, kwa hesabu yake ni usiku uleule. Anakuta mikeka imetandikwa, ubani unafuka, watu wanamsomea khitma ya arobaini. Kandambili zake ziko mlangoni, mkewe kazifuta vumbi na kuzigeuza zitazame ndani. Sura hiyo niliiandika kwa siku mbili, nikalia.

Nilipopata zamu yangu ya upatu nikachapa nakala 300. Leo zimebaki sita. Hata mtoto wa shule anakuja kibandani kutoa fotokopi, anaondoka na Mbwana mkononi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: nani anamngoja? Ukishamjua anayengoja, chombo cha angani utakijua tu.

Njama nazo zina utaratibu wake. Julai 1947 jeshi la Marekani lenyewe lilitangaza limepata kisahani Roswell, kisha upesi likageuza, likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kuwa mabaki yale huenda yalitokana na Mogul, mradi wa siri wa maputo ya kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Siri ilikuwapo, basi, ila haikuwa ile iliyodhaniwa. Weka na wewe siri ya kweli chini ya uvumi wako, vinginevyo msomaji atakuchoka sura ya tano. Na uvumi usiutafute mbali. Bibi yangu alikuwa akiliona gari la zimamoto anatuingiza ndani na kufunga mlango, eti mumiani, watachukuliwa watoto wanyonywe damu. Wazee wa pwani waliishi na hofu hiyo tangu enzi za mkoloni. Wewe unaiacha, unakwenda kuazima hofu ya Marekani!

Vijana, nawasihi. Kutekwa si neno la kuchezea. Yuko mtu atasoma kitabu chako ambaye kwao kuna kitanda hakijalaliwa. Mwandikie yeye kwanza. Usimteke mtu kwa ajili ya mwanga mkali na makelele. Nani anamngoja? Jiulize kila sura, kila ukurasa.

Mdogo wangu wa Pangani, sura yako ya kwanza niliisoma jana usiku. Chombo kinashuka vizuri juu ya minazi, na mto umeuandika kama mtu aliyeuvuka mara nyingi. Lakini Salumu kanyanyuliwa ukurasa wa nne, na mpaka wa kumi na tisa nyumbani kwao hakujatajwa. Irudie, halafu unitumie.