"Fupisha mzunguko" au "bana kitanzi"?

SWALI: Niko fundi wa sola hapa Birere, Goma. Nafundisha vijana kuchora bodi za kushusha volti 12 za betri ziwe 5 za kuchaji simu. Niliwaandikia: "Fupisheni muzunguko wa kapasita ya kuingilia" (ile yenye kuhifadhi chaji upande wa betri). Kijana mumoja akaunganisha chanya na masi (upande wa hasi), waya za betri zikaungua. Kosa ni langu ao ni la Kiswahili?

JIBU: Neno limebebeshwa mizigo mingi, ndugu fundi. Mzunguko, kutoka zunguka, ni saketi nzima. Ni pia duru moja ya transista kuwasha na kuzima mkondo, na kifaa kama chako huweza kupiga duru 500,000 kwa sekunde. Juu ya hayo, "mzunguko mfupi" hutumika kwa maana ya shoti. Kijana alitii sentensi kama ilivyoandikwa.

Mimi ningeandika kitanzi. Anayetega ndege anajua kwamba kitanzi kina uwazi katikati, na uwazi huo ndio jambo lenyewe. Mkondo wa koili, ule waya uliosokotwa wa kwenye bodi yako, hauruki ghafla. Unaokatika ghafla ni ule unaopita kapasita ya kuingilia, transista na diodi (mlango wa mkondo wa njia moja), kisha ukarudi kwa masi. Kadiri njia hiyo inavyozingira eneo kubwa, ndivyo induktansi yake, yaani ukaidi wake mkondo unapobadilika, inavyopanda. Nanohenri 10 tu, ampea 5 zikikatika ndani ya nanosekunde 10, huzusha volti 5 ambazo hakuna aliyeziomba. Zikijumlika na za betri na kuvuka kikomo cha transista, zaweza kuiua hata bila shoti.

Hapa ndipo kitenzi "fupisha" kinapopotosha zaidi. Kinamfanya msomaji afikirie urefu wa njia ya kwenda. Ataifupisha vizuri kabisa, aache masi irudi kwa kuzunguka pembezoni mwa bodi, na kitanzi kitabaki kipana vilevile. Kitanzi hakifupishwi, hubanwa: kwenda na kurudi vikae karibu, ikiwezekana masi ipite chini yake moja kwa moja, bila mpasuko.

Waandikie hivi: "Wekeni kapasita ya kuingilia karibu kabisa na transista na diodi, mbane eneo la kitanzi chao." Na "muzunguko" wako wenye mu- ni matamshi halali ya Goma, usiwakosoe vijana wanapolisema. Katika karatasi ya mafunzo andika mzunguko, na ulitumie kwa saketi nzima peke yake.