Muulize Fundi: Fremu ya saba kwa tatu haiingii

Shikamoo babu fundi. Ninajenga huku Pongwe. Mchoro uko kwa milimita, na fundi wa ukuta ameacha nafasi ya mlango 2100 kwa 900. Nikanunua mjini fremu ya mninga, "saba kwa tatu". Haiingii! Muuzaji anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuzaji. Mume wangu anasema futi na inchi zipigwe marufuku, tubaki na mita tu. Wewe wasemaje?
Msomaji, Pongwe

Marahaba mwanangu, na pole. Hapo hakuna aliyekuibia. Futi moja ni milimita 304.8. Saba ni 2134, tatu ni 914. Fremu yako imezidi milimita 34 kwa urefu na 14 kwa upana.

Mumeo ana hoja, ila asidhani mita ni mgeni aliyebisha hodi jana. Reli yetu hii ya Tanga, Wajerumani walianza kuijenga 1893, na kutoka chuma hadi chuma ni mita moja kamili. Marehemu bibi yangu yeye alipima mchele kwa pishi, vibaba vinne, na aliapa kibaba chake kilijaa kuliko cha dukani. Leo mchele ni kilo, na sijasikia mtu akiililia pishi.

Wakaidi ni sisi wa mbao. Kichwani mwangu ubao ni inchi "mbili kwa nne", basi. Na duka la vifaa nalo halitusaidii: nondo ya milimita 12, bomba la nusu inchi, bati la geji 28. Geji, kipimo cha unene wa bati, si futi wala mita, tena 30 ni jembamba kuliko 28! Ukiipiga marufuku inchi leo, bomba lililokwisha zikwa ukutani utaliungaje kesho?

Kwa hiyo marufuku siitaki. Ninachokataa ni kuchanganya ndani ya kazi moja. Yamenikuta: niliagizwa kitanda cha futi sita, nikasoma upande wa pili wa futi kamba nikakata sentimita 180. Pungufu karibu tatu. Godoro likatuna katikati, na bwana harusi akanidai fedha yake mbele ya wakwe. Mchoro wako ni wa milimita, basi kila oda iandike kwa milimita, hata muuzaji akikucheka.

Sasa hiyo fremu. Lenta, ile boriti ya juu ya mlango, usiiguse, wala asikushawishi mtu. Kata miguu ya fremu chini, milimita 40, na mlango wenyewe upunguzwe chini vilevile, si juu. Pembeni mwambie fundi achonge ukuta milimita 15 kila upande, ipatikane nafasi ya udongo. Kama kitasa hakijatobolewa, subiri fremu ikae kwanza.