Kwa ninyi mnaoanza kuandika nota za kwaya kwa kompyuta

Kwaresima ikianza tu, simu yangu haitulii. "Shikamoo mwalimu, faili halifunguki." "Mwalimu, maneno yamehama yote." "Mwalimu, tumeshachapa, ila mstari wa besi umekatwa na printa." Marahaba, wanangu. Makosa ni yaleyale ya waliowatangulia, tena kwa mpangilio uleule, mpaka nashuku mnarithishana. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake saa sita usiku, kwa hiyo nayaweka hapa yote. Solfa (do, re, mi) mnaijua, funguo mnazijua, sina haja ya kuanza na nota nyeupe na nyeusi.

1. Kompyuta haiimbi

Mnaandika, mnavaa spika za masikioni, mnabonyeza icheze, mnatabasamu. Inalia vizuri. Sasa nani ataiimba? Besi wa kompyuta anashika nota moja vipimo vinane bila kuvuta pumzi. Alto wa kompyuta anaruka popote unapomtuma wala hanuni. Wa kwenu atanuna.

Kijana mmoja wa parokia ya Mbagala aliniletea wimbo wake wa Utukufu niukague. Sauti ya tena, wale wanaume wa juu, wote wamezama chini ya mistari, mistari ya ziada imejaa mpaka inagusa maneno. Nikamuuliza kwa nini amewashusha kiasi hicho. Akasema mwanzo walikuwa wanasikika juu mno, wanagongana na soprano, akawashusha oktavu nzima mpaka masikio yakaridhika. Nikatazama ufunguo: ufunguo wa G wa kawaida, hauna 8 chini, ile inayosema imba oktavu moja chini. Kompyuta ilikuwa sahihi, ilicheza kilichoandikwa. Badala ya kubadili ufunguo, kitendo cha sekunde moja, alihamisha nota za kurasa kumi na moja. Nilipomwekea ufunguo wenye 8 na kurudisha nota zake juu, alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama kuna haja ya kumwambia mwenyekiti wa kwaya. Hakuna. Sisi wawili tunatosha, na sasa ninyi.

Iliyobaki ni hii: ukimaliza, zima sauti, imba kila sauti mwenyewe kwa solfa tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukikwama wewe, na wao watakwama.

2. Maneno

Kwanza silabi. Programu haijui Kiswahili. Ni wewe unayekata, na wengi wenu mnakata kama vitabu vya Kiingereza. "Mun-gu" si silabi zetu, ni "Mu-ngu". Utaona tofauti kwenye nota ndefu: ukimwandikia mwimbaji "Mun", anafunga mdomo kwenye N na kuguna mapigo matatu, sauti imekufa. Mwandikie "Mu", atafungua. "Mtakatifu" ina silabi tano na ile M ina nota yake. Msiibandike kwenye "ta" eti nafasi haitoshi. Kuhusu "Kri-sto" na "Kris-to" sitaingia, nimeona kamati ya kwaya ikikaribia kuvunjika kwa hilo.

Kwenye MuseScore, ile programu ya bure ya kuandika nota, Ctrl na L hufungua maneno, kitufe cha nafasi hukupeleka kwenye neno jipya, kistari hukata silabi, mstari wa chini huvuta silabi ya mwisho wa neno juu ya nota nyingi, na Enter hukushusha kwenye ubeti wa pili. Ubeti huohuo wa pili ndipo pa kuweka solfa kwa wazee wasiosoma mistari. Basi.

Sasa kopi. Kila mtu anaandika maneno ya soprano halafu anayakopi kwa sauti tatu zilizobaki. Hata mimi. Ila hili lilinichoma, acheni niwasimulie.

Nilikuwa natumia Finale ya zamani, programu nyingine ya kuandika nota, na watu walikuwa wameanza kuniita fundi. Mtu akiitwa fundi mapema huacha kukagua. Wimbo ulikuwa wa Pasaka, sauti nne, wote maneno yaleyale isipokuwa kiitikio. Pale soprano, alto na tena walisema "Amefufuka kweli", na besi wakajibu chini yao "Kaburi liko tupu". Silabi saba juu, silabi saba chini, mtunzi alikuwa na akili. Nikaandika ya soprano, nikayakopi kote, nikashuka kwa besi, nikabadilisha silabi moja baada ya nyingine. Nikakagua mstari wa besi: safi. Nikatengeneza PDF, nikaituma stesheneri, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Nisichokijua ni kwamba Finale ile, ukikopi maneno, haikukupa maneno mapya. Sauti zote nne zilikuwa zinasoma silabi moja iliyohifadhiwa mahali pamoja. Nilipoandika "Ka" kwa besi, "A" ya soprano nayo ikawa "Ka". Nilipoandika "bu", na juu ikawa "bu". Macho yangu yalikuwa chini ya ukurasa, na mimi najipongeza kwa kasi yangu. Kwa kuwa silabi zilikuwa sawa kwa idadi, hapakuwa na pengo wala neno lililoning'inia la kunishtua. Ukurasa ulipendeza kabisa.

Karatasi zikagawiwa Jumamosi Kuu jioni, zimebaki dakika chache mkesha uanze. Waimbaji wetu waliujua wimbo kwa kichwa. Wageni wa kwaya jirani waliokuja kutuongezea nguvu walikuwa wanasoma. Tukapasha sauti. Kwenye kiitikio nusu ya soprano wanasema amefufuka, nusu wanasema kaburi liko tupu, alto wanatazamana, tena wameacha kuimba. Nikasimamisha, nikarudia, ikawa mbaya zaidi, maana sasa hata wetu walianza kuiamini karatasi. Mama mmoja wa alto, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akashusha karatasi yake magotini akaniuliza: "Mwalimu, kwani Bwana amefufuka au hajafufuka?"

Kanisa zima la mazoezi likacheka, mimi nikatoka jasho ambalo si la joto la Dar es Salaam. Stesheneri imefungwa. Tukagawana kalamu, kila mtu akakwangua na kuandika juu kwa mkono, gizani nje wanakusanya kuni za moto wa Pasaka. Kuna waliobadilisha kurasa mbili wakasahau ya tatu, na ya tatu ndiyo yenye mwisho mkubwa. Ukitaka kujua mwisho ulisikikaje, waulize waumini wa parokia hiyo. Bado wapo wanaonikumbusha kila mwaka.

Msiniambie kwamba siku hizi programu hazifanyi hivyo. Hiyo ya maneno, sawa, kwenye MuseScore kopi ni kopi. Lakini mkitengeneza karatasi za sauti mojamoja, zile zimefungwa na nota kuu, yaani ile yenye sauti zote: ukibadilisha nota kwenye karatasi ya tena, umeibadilisha na kwenye nota kuu. Kwa hiyo ukishagusa sehemu moja, nenda kasome sehemu ambazo hukugusa, kwenye PDF yenyewe, siyo kwenye programu.

3. Finale na vilio vyenu

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haiendelezi tena Finale, programu iliyokuwepo tangu 1988. Toleo la 27 ndilo la mwisho. Tangu siku hiyo nasikia maombolezo, na bado hakuna anayefanya chochote. Finale uliyonayo haijazimika, itaendelea kufanya kazi kwenye kompyuta hiyohiyo mpaka kompyuta ife au Windows ibadilike ikatae. Na kompyuta zenu nazijua.

Kwa hiyo leo, si kesho: fungua Finale, nenda kwenye kuhamisha faili, toa MusicXML, aina ya faili la nota linalofunguka kwenye programu nyingi. Matoleo ya mwisho yana uwezo wa kubadilisha folda nzima kwa mara moja. Wengi hamjawahi hata kuifungua hiyo menyu. Naiamini MusicXML kwa sababu tangu mwaka 2015 inasimamiwa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, haiko mikononi mwa kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi na kufunga duka. Itabeba nota na maneno. Mpangilio wa ukurasa utavurugika kiasi, utaupanga upya. Kagua ule 8 wa tena, kagua beti za pili na tatu.

Wale wenye faili za zamani zenye mwisho wa .mus, kabla Finale haijaanza kutumia .musx kwenye toleo la 2014, msisubiri. Zipitisheni Finale mpya kwanza, halafu MusicXML.

Kuhusu pa kuhamia: Finale walielekeza watu kwenye Dorico ya kampuni ya Steinberg, kwa bei ya punguzo ya wakati huo, dola 149. Ni programu nzuri sana, na hizo ni hela nyingi kwa mwalimu anayelipwa soda na nauli. MuseScore ni ya bure na inatosha kwa kwaya yoyote ninayoijua. Vidole vyenu vya Finale havitapotea: namba 5 ni nota ya pigo moja kotekote, wakati kwenye Sibelius, programu nyingine ya kulipia, ni 4 na Dorico ni 6.

Jambo moja: faili la MuseScore 4 halifunguki kwenye MuseScore 3. Wako wenzenu wenye Windows 7 ambao 4 haiingii kabisa. Ukimtumia mtu kazi, mtumie PDF ya kusoma na MusicXML ya kurekebisha. Ukimtumia mtu faili lako tupu halafu ukaandika "vipi umeliona?", hajaliona.

4. Karatasi

Badilisheni ukubwa uwe A4. Programu nyingi zikiwekwa kwa Kiingereza cha Marekani huanza na karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, na printa za hapa zina A4, 210 kwa 297. Ndiyo maana pembeni panakatwa halafu mnamgombeza dada wa stesheneri.

Na acheni ubahili. MuseScore inaanza na nafasi ya milimita 1.75 kati ya mstari na mstari. Mnaishusha mpaka 1.2 ili wimbo uenee kurasa mbili. Umeokoa karatasi, umempoteza mzee wa besi aliyesahau miwani, na akipotea yeye anaondoka na besi wote.

5. Kompyuta yenyewe

Haitoi sauti: angalia programu imechagua kifaa gani cha kutolea sauti. Mara nyingi bado inatafuta ile spika ya Bluetooth uliyoiacha sakristia.

Inagandaganda: una RAM ya GB 4 na umepakua Muse Sounds zote, zile sauti nzito za MuseScore. Rudi MS Basic, sauti zake nyepesi. Wimbo wa misa hauhitaji violini za sinema.

Flashi inaonyesha njia za mkato badala ya folda: usizibofye, na usiiformati kwa hofu. Kazi zako zipo, zimefichwa tu. Safisha kwa antivairasi, kisha kwenye dirisha la amri la Windows (cmd) andika attrib -h -r -s /s /d ukifuatisha na herufi ya flashi na \*.*, mfano E:\*.*

Programu ya kukrakiwa: ndimo virusi vinamoingilia. Mlikuwa na kisingizio zamani. Sasa kuna ya bure.

Umeme: weka isevu yenyewe kila dakika 5, halafu sevu kwa mkono vilevile.

6. Jina la mtunzi

Linakaa juu kulia. "Imenakiliwa na" linakaa chini, herufi ndogo. Nimeona nakala ambayo jina la mnakili ni kubwa kuliko jina la wimbo, na mtunzi hayupo kabisa. Mtunzi mwenyewe alikuwa amekaa benchi la nyuma siku hiyo. Kama humjui, uliza kwanza kabla ya kuchapa. Msiandike "haijulikani" kwa uvivu.

Anayetaka nimsaidie kuhamisha faili zake za Finale aje Jumamosi mchana kabla ya mazoezi, na flashi iwe imeshapigwa antivairasi. Asiyepiga tutaanza na hiyo, na foleni itamsubiri.